Nyama ya Pili Mnaifunga na Nini?

Nilikuwa nimeshakula vitatu. Vikababu vya nyama ya ng'ombe, virefu kama kidole gumba, vimechomwa mpaka vinang'aa, na kila kimoja kimevaa kitu kama wavu mwembamba wa rangi ya kahawia uliogandana na nyama na kuyeyuka ulimini. Cha nne nilikiinua kwa vijiti nikakielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

Ule wavu nikautambua.

Kila aliyewahi kushika miguu ya mbuzi wa Idd wakati anachunwa anaujua. Tumbo likishapasuliwa, kabla hujayafikia matumbo, unakutana na utando wa mafuta mweupe, umetobokatoboka kama lesi ya dirishani. Lakini pale hapakuwa na mbuzi. Nikamwita mhudumu, nikamwuliza nyama hii ya pili mnaifunga na nini.

"Mafuta."

Mafuta ya nini?

"Ya nguruwe," akasema, kwa upole, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

Mume wangu akaweka vijiti chini. Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeupigia simu mgahawa huohuo wa Kivietinamu, nikauliza kama kwenye chakula chao cha ng'ombe cha sahani saba kuna nguruwe. Sauti ya mwanamke ikanijibu bila kusita: hakuna, ni ng'ombe tupu. Na Jumapili iliyofuata nilikuwa nimpeleke mama yangu.

## Ahadi

Ghalani kwetu hapa Houston kuna mzee wa Kivietinamu ninayefanya naye kazi, huu mwaka wa tisa. Simwiti jina lake. Siku ya kwanza aliniambia nimwite Chú, na nilipojua maana yake nilijisikia nyumbani: ni mdogo wake baba. Kwao kama kwetu mtu mzima haitwi jina kavu. Hata kusema "wewe" huwezi mpaka ujue huyu kwako ni baba mkubwa, baba mdogo, dada au mjukuu. Yeye huniita con, mwanangu. Watoto wangu wanamwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba kwa lafudhi yake, na haruki hata siku moja.

Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, katika mji ambao bila gari hununui hata chumvi. Kila mwaka Tết ikikaribia, mwaka mpya wao, ananiletea mfuko wa machungwa ya uani kwake. Na kila mwaka anarudia kisa kimoja: harusi ya dada yake huko Châu Đốc, kusini mwa Vietnam, karibu na mpaka wa Kambodia, siku waliyokula bò bảy món. Bò ni ng'ombe, bảy ni saba, món ni chakula kimoja kinachoandaliwa mezani. Ng'ombe wa sahani saba. Alikuwa mtoto. Mwaka 1981 aliondoka kwa mashua, akapitia kambi ya Pulau Bidong huko Malaysia, akafika Texas. Dada yake hakumwona tena.

Kwa hiyo viza ya Mama ilipotoka, nilimwambia Chú kwamba safari hii tutakula bò bảy món sote, na mgahawa nitauchagua mimi. Nililisisitiza hilo la kuchagua. Anayechagua ndiye anayelipa, na miaka tisa ya kupokea inatosha.

## Nyota na picha

Bellaire ni barabara ndefu. Upande wa kusini-magharibi wa mji kuna kipande chake ambapo vibao vya mtaa vina jina la pili kwa Kivietinamu, Đại lộ Saigon, na hapo ukitaka mkate, kahawa, fundi cherehani au mwanasheria wa kutoka kwao, unampata. Migahawa inayoandaa sahani saba si mingi kama ile ya phở, supu yao ya tambi, lakini ipo. Niliandika mitano kwenye daftari.

Nilianza kuichagua kama mtu wa Tanga anavyochagua pa kula nyama. Nikatazama picha za nyama. Nikasoma watu wanasema nyama wapi ni laini, wapi vipande ni vinene. Mgahawa wa kwanza tulioujaribu, mimi na mume wangu, ulinionyesha kwamba kipimo changu kilikuwa cha chakula kingine.

Sahani ya kwanza karibu kila mahali ni bò nhúng dấm. Mnaletewa sufuria ndogo juu ya jiko la mezani, ndani yake siki iliyotiwa maji ya dafu, vitunguu na mchaichai. Pembeni kuna nyama mbichi iliyokatwa nyembamba mpaka maua ya sahani yanaonekana chini yake. Kuna karatasi za mchele, ngumu kama plastiki, na bakuli la maji ya vuguvugu. Unachovya karatasi majini, unaitandaza. Unatumbukiza nyama kwenye siki, unahesabu mpaka tano, unaitoa ikiwa imeanza tu kugeuka rangi. Unaiweka kwenye karatasi pamoja na nanaa, majani mengine matatu au manne, tango, na ndizi mbichi iliyokatwa na ganda lake kwa ajili ya ule ukakasi. Unaviringa. Kisha unachovya kwenye mắm nêm, mchuzi wa dagaa waliovundikwa kwa chumvi, umetiwa nanasi na pilipili, wenye harufu ya pwani wakati maji yamekupwa.

Kwenye tonge moja la namna hiyo nyama ni robo, kama inafika.

Mgahawa ule ulikuwa na nyama nzuri, lakini majani yalikuwa yamelala na nanaa imeanza kuwa nyeusi pembeni. Sahani saba zote zikaanguka kwa ajili hiyo, maana tano kati yake zinategemea lile sinia la majani. Nikaufuta kwenye daftari. Wa pili ndio uliokuwa na majani kama yametoka shambani asubuhi ile, karatasi laini, mchuzi uliokolea nanasi. Ndio niliokwisha kuuamua moyoni, mpaka kikababu cha nne.

## Nililokuwa nimelipanga

Kwa siku kadhaa nilikuwa na hasira na yule mwanamke wa kwenye simu. Namsimulia kila mtu. Kisha usiku mmoja, Mama ameshafika, amelala chumba cha watoto, nikaona kitu ambacho kimenikalia kooni mpaka leo na ndicho kilichonifanya niandike haya.

Yule mwanamke hakudanganya. Aliulizwa kuhusu nyama, akajibu kuhusu nyama. Kwake ule utando si nyama, ni kifungio, kama uzi wa kufungia kuku. Mpishi yeyote wa kwetu ukimwuliza kama mchicha wake una nyama atasema hauna, na supu ya mifupa ameitia kijiko kizima.

Mimi ndiye niliyekuwa nimejiandaa kudanganya.

Mimi na mume wangu kwa miaka yote hii tunakula nyama ya ng'ombe ya migahawani kwa kufuata ule wepesi ambao baadhi ya masheikh wanautoa kwa wanaoishi nchi za watu wa Kitabu. Tunasema bismillahi, tunakula. Mama haufuati wepesi huo, na haki yake. Nyama isiyochinjwa kwa kisu na jina la Mungu haitii mdomoni. Mimi nilikuwa nikilijua hilo tangu siku ya kwanza niliyofungua daftari, na kati ya maswali yote niliyoandika, la uchinjaji sikuliandika. Nilikuwa nimekata shauri kwamba akiuliza, "Nyama hii ya kuchinja?", nitamwambia, "Kula, Mama." Nilitaka ile picha: Mama, Chú, watoto, sahani saba mezani. Niliitaka kiasi cha kuwa tayari kumlisha mama yangu kitu ambacho angekitema kama angejua.

Ule wavu wa mafuta ndio ulionishtua. Bila huo ningempeleka.

Kwa nini sikuuliza? Nimejiuliza sana. Nadhani ni aibu ya mgeni. Miaka tisa unaishi kwa watu, unajifunza kutosumbua, kutokuwa yule mwenye masharti mezani. Tena hawa si Wamarekani wenye nchi yao, ni wageni wenzangu, watu waliobeba chakula hiki baharini kichwani mwao kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi. Nani mimi nikawaambie toeni hiki, badilisheni kile? Niliiona heshima kwao. Sikuona kwamba nilikuwa nailipia kwa heshima ya mama yangu.

## Ng'ambo ya mto

Nilimweleza Chú saa ya chakula cha mchana, nikitazama meza. Nilitegemea atasema basi, tutakula samaki.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama najua Wacham.

Sikuwajua. Akanieleza kwamba Châu Đốc iko ukingoni mwa mto Hậu, na ng'ambo ya pili, enzi zake ukivuka kwa kivuko, kuna vijiji vya Wacham. Ni Waislamu. Wana misikiti yenye kuba kando ya mto, nyumba zao zimeinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya mafuriko, na wana soseji ya ng'ombe iitwayo tung lò mò, inayoanikwa juani, ambayo Chú aliitamka kama mtu anayetamka jina la rafiki. Baba yake alifanya biashara nao. Kukiwa na sherehe ambayo Wacham wamealikwa, nyama ya ng'ombe ilinunuliwa kwao, kwa mchinjaji wao, na sufuria yao ilikuwa mbali.

"Harusi ya dada yangu pia," akasema. "Nyama yote ilitoka ng'ambo ya mto."

Miaka tisa ananisimulia harusi ile, na hilo hakuwahi kulitaja, maana kwake halikuwa jambo la kutaja.

Kisha akauliza, na hapa sauti yake ilibadilika kidogo, kwa nini sikumwambia mapema. Sikuwa na jibu. Akachukua simu yake.

Alipiga mara tatu, kwa Kivietinamu, mimi nikiwa nimekaa mbele yake. Wa kwanza walikataa kwa adabu: Jumapili jiko lina watu wengi, hawawezi kutenganisha vyombo. Wa pili walikubali. Chú akashukuru, akakata, akaufuta kwa mstari mgahawa huo kwenye daftari langu kwa kalamu yake mwenyewe. Nikashangaa. Akasema huyu amekubali kabla sijamaliza kusema.

Wa tatu simu ilichukua dakika kumi na tano. Nilisikia Chú anajibu zaidi ya anavyouliza. Mwenye mgahawa alitaka kujua ni watu wangapi, siku gani, mama ana umri gani, meno yake yako imara au nyama ikatwe ndogo zaidi. Anakula mchuzi wa samaki? Divai kwenye viungo? Akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba si sahani ya pili tu yenye nguruwe. Chả đùm, lile donge la nyama linalofukizwa kwa mvuke, watu wengi huchanganya mafuta ya nguruwe ili lisikauke. Na mỡ hành, yale majani ya vitunguu yanayomiminiwa mafuta ya moto na kupakwa juu ya nyama ya kuchoma, asili yake hutumia mafuta hayohayo. Angetumia mafuta ya mimea. Nyama angeinunua Hillcroft, kwenye mabucha ya Waislamu, Jumamosi, na wavu wa kuchomea angenunua mpya.

Huyo tukamchukua. Sijui kama ndiye mpishi bora wa sahani saba katika Houston, na sikutafuta tena kujua.

## Saba ni saba?

Kulikuwa na jambo dogo lililonisumbua. Ukiondoa vikababu vyenye wavu, zinabaki sita. Nilimwuliza Chú kama chakula hicho bado kinastahili jina lake, maana ndicho alichokingoja.

Akaniambia nitazame menyu za ile migahawa mitano niweke pamoja. Kweli, hakuna miwili yenye saba zilezile. Mmoja una saladi ya nyama na siki, mwingine unaweka kipande cha nyama ya kukaanga wanachokiita bít tết, neno walilolichukua kwa Wafaransa. Na hata hiyo nyama yenyewe, alisema, zamani mkulima hakuichinja ovyo. Ng'ombe na nyati walikuwa wa kuvuta jembe. Wafaransa walipoiteka Saigon mwaka 1859 na kuikalia, ulaji wa ng'ombe ukakua mjini, na watu wa kusini wakaugeuza kuwa chakula cha sherehe kwa namna yao. Kinachoshika ni mwanzo na mwisho: uanze na siki, umalize na uji.

Mahali pa vikababu mwenye mgahawa aliweka nyama ya mchaichai na ufuta.

## Jani

Meza zilikuwa tisa tu, na feni moja iliyotoa mlio. Tulikuwa saba: Mama, mimi, mume wangu, watoto wawili, Chú na binti yake. Mama alivaa baibui yake ya safari. Kabla hajakaa nilimweleza kila kitu, nyama imenunuliwa wapi, sahani ipi imebadilishwa na kwa nini. Nikamweleza na lile nililokuwa nimelipanga. Alinitazama kwa muda. "Umesema mwenyewe," akasema, akavuta kiti.

Sahani ya siki ilimpa shida ya mikono kwanza, karatasi inamng'ang'ania vidoleni, mpaka Chú akamviringia moja na kumwekea kwenye sahani, akimwita chị, dada. Ndizi mbichi aliitafuna akaniuliza kwa nini hawakuipika. Mắm nêm aliinusa na kusema ni dagaa hawa, na akachovya tena.

Ilipofika bò lá lốt, nyama iliyoviringwa kwenye jani na kuchomwa, Mama aliacha kula. Alikifungua kile kipande, akalitandaza jani juu ya sahani kwa ncha ya kidole. Lilikuwa limeungua pembeni, lakini umbo lilionekana, kama moyo, na mishipa inayotoka kwenye kikonyo kuelekea ncha.

"Hili si tambuu?"

Nikamtafsiria Chú. Chú akamwita mwenye mgahawa, naye akaingia jikoni akarudi na jani bichi, limelowa. Mama akalikunja, akalipasua kidogo, akalinusa, akaliweka ulimini. Akatikisa kichwa. Si tambuu. "Lakini ni ndugu yake."

Na ni ndugu kweli. Lá lốt, tambuu na pilipili manga ni mimea ya ukoo mmoja. Tambuu lenyewe wanalo, wanaliita trầu, na wanalila kama walivyolila bibi zetu, kwa popoo na chokaa, na harusi haiendi bila sinia lake. Chú akaanza kumweleza Mama habari za bibi yake, midomo myekundu mchana kutwa, kopo la kutemea chini ya kitanda. Mama akamweleza habari za bibi yake wa Pangani, kopo hilohilo, kitanda hichohicho. Mimi nilikuwa mkalimani katikati, na ikafika mahali nikaachwa. Wanaonyeshana kwa mikono: hivi unapaka chokaa, hivi unakunja, hivi unaweka shavuni. Popoo la kuvunja kwa mkasi wake. Binti yake Chú aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kusikia habari za bibi huyo.

Sahani tatu zilizofuata sizikumbuki vizuri. Donge la mvuke lilikuwa na karanga, uyoga mweusi na tambi za choroko, watoto walilimaliza kwa kaukau za kamba. Uji ulikuwa wa mchele, mwepesi, una tangawizi na nyama ya kusaga. Mama alikunywa bakuli mbili na kusema huu ni wa mgonjwa anayepona. Chú alilia kidogo alipokuwa anaunywa, na hakuna aliyemwuliza kitu.

## Kaunta

Mama ameshaondoka. Juzi Alhamisi nilisimamisha gari mbele ya ule mgahawa wa pili, wenye majani mazuri. Nilikaa ndani ya gari muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikaingia, nikanunua mikate miwili, na mwanamke aliponirudishia chenji nikaitambua sauti yake.

Nikamwambia kwamba nilipiga simu mwezi uliopita, nikauliza kuhusu nguruwe, ukaniambia ni ng'ombe tupu, na nilipokuja nikakuta sahani ya pili imefungwa kwa utando wa nguruwe. Nikamwambia sikuja kugombana. Kuna watu wengi wa dini yangu wanaokaa mtaa huu, watapiga simu kama nilivyopiga mimi.

Uso wake ulibadilika. Akaziba mdomo kwa kiganja. Akasema kitu kwa Kivietinamu kuelekea jikoni, mwanamume akajibu kwa sauti, wakasemezana. Kisha akavuta menyu moja kutoka kwenye rundo, akaifungua juu ya kaunta, akaweka alama ya kalamu kwenye namba mbili.

"Na hii?" akaniuliza, kidole kikiwa kwenye chả đùm. "Hii nayo niandike?"

Nikaiweka chini mikate yangu, tukaanza kutoka juu.